Si kila kivuli kwenye pafu ni kifua kikuu: ugonjwa wa mbwa na mifugo unaojificha kifuani

Dalili yake ya ajabu kuliko zote ni ladha. Mtu aliyekuwa na kikohozi kikavu kwa miezi kadhaa, pengine bila hata homa, anashikwa ghafla na kikohozi kikali kinachomkunja, na mdomo wake unajaa maji maangavu yenye chumvi. Mara nyingine maji hayo hutoka na vipande vya utando mweupe na laini, unaofanana na ule unaoubandua ndani ya ganda la yai lililochemshwa.

Kilichotokea ni kwamba kifuko cha maji kilichokuwa kimekaa ndani ya pafu, huenda kwa miaka mingi, kimepasuka na kumwaga maji yake kwenye mirija ya hewa. Madaktari huuita ugonjwa huu hidatidi. Chanzo chake ni tegu mdogo sana anayeishi kwenye utumbo wa mbwa.

Katika vilima vya Masisi na kuelekea Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mtu wa Kibabi anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayepungua uzito na kutema damu, huhesabiwa kwanza kuwa na kifua kikuu. Hakuna kosa katika hilo. Congo ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani, WHO, linaziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na huku ni eneo la migodi, ambako vumbi la mawe na vibanda vilivyojaa watu ni marafiki wa ugonjwa huo. Muuguzi asiyefikiria kifua kikuu kwanza hajui kazi yake.

Tatizo huanza pale anapofikiria kifua kikuu peke yake. Masisi ni nchi ya migodi, lakini ni nchi ya malisho pia: ng'ombe, mbuzi, kondoo, na mbwa wanaolinda zizi. Na huu ni ugonjwa wa mahali ambapo mifugo na mbwa wanaishi pamoja.

Mnyoo usiofikia sentimita moja

Tegu huyu, ambaye wanasayansi humwita Echinococcus granulosus, hana urefu unaozidi milimita saba hivi. Mbwa anaweza kubeba maelfu yake na bado akakimbia, akabweka na kunenepa kama kawaida. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaanguka kwenye majani, kwenye kisima, kwenye bustani ya mboga, au yakanasa kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe.

Kondoo, mbuzi au ng'ombe akila majani hayo, yai linapasuka tumboni mwake na kiluwiluwi chake kinapenya ukuta wa utumbo, kinabebwa na damu hadi kwenye ini au mapafu, na huko kinajijengea kifuko. Mnyama anapochinjwa, mchinjaji huona malengelenge ya maji kwenye ini au pafu, hulikata na kumtupia mbwa. Hapo mzunguko umekamilika, maana ndani ya lengelenge moja kuna vichwa vingi vya tegu, na kila kimoja kinaweza kuwa mnyoo mzima ndani ya mbwa.

Binadamu huingia katika hadithi hii kwa bahati mbaya. Anameza yai kutoka kwenye mkono uliomshika mbwa, kwenye maji au kwenye mboga isiyooshwa, na mwili wake unatumika kama wa kondoo. Mtoto anayecheza na mbwa na kutia vidole mdomoni yuko kwenye hatari zaidi, ingawa kifuko kitaonekana labda akiwa mtu mzima.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Mtu hapati hidatidi kwa kula nyama au ini lenye malengelenge, hata kama linachukiza kuliangalia. Wala hapati kutoka kwa mgonjwa mwenzake, hata wakilala chumba kimoja na kukoholeana usiku kucha. Ini lile lenye malengelenge ni hatari kwa sababu ya mbwa atakayelila, na kinyesi atakachokiacha uani wiki kadhaa baadaye.

Kwa watu wengi kifuko hukaa kwenye ini, karibu wagonjwa saba kati ya kumi. Mapafu hufuata, takribani mgonjwa mmoja kati ya watano, na kwa watoto sehemu ya mapafu huwa kubwa zaidi. Kifuko cha ini hukua polepole kwa sababu ini ni zito na linakibana. Pafu ni laini kama sifongo, linatii, na kifuko kinaweza kupata ukubwa wa chungwa au zaidi kabla mtu hajahisi chochote.

Kinapopasuka

Kifuko kizima, kisichopasuka, ni mgeni mtulivu. Mwenyeji wake anaweza kuwa na maumivu madogo ya kifua, kikohozi cha hapa na pale, basi. Wengi hugunduliwa kwa bahati, wamepigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine kabisa.

Kupasuka kunabadilisha kila kitu, na kunaweza kwenda njia mbili. Njia ya kwanza ni kuelekea kwenye mirija ya hewa, ndiyo ile ya maji ya chumvi mdomoni. Njia ya pili ni kuelekea nje ya pafu, kwenye nafasi iliyo kati ya pafu na mbavu. Hapo mgonjwa hupata maumivu makali ya ghafla, pafu linaweza kusinyaa, na vichwa vya tegu vilivyomwagika vinaweza kuota vifuko vipya.

Katika njia zote mbili kuna hatari ya dakika za kwanza. Maji ya kifuko ni kitu kigeni kwa mwili, na baadhi ya watu hupata mzio mkali: ngozi inawasha na kuvimba, pumzi inabana, shinikizo la damu linaanguka. Mtu anaweza kufa kwa mzio huo kabla hata hajafikishwa barabarani.

Anayevuka dakika hizo hukutana na hatari ya pili, na hii haina haraka. Kifuko kilichopasuka kwenye mirija ya hewa si kifuko tena, ni shimo lenye mlango wazi. Hewa inaingia, na bakteria wa mdomoni na kooni wanaingia pamoja nayo. Ndani wanakuta maji yaliyobaki na utando uliokufa, chakula kizuri kwao, mahali ambapo damu haifiki vizuri na kwa hiyo dawa hazifiki vizuri pia. Baada ya siku au wiki, kilichokuwa kifuko cha maji kinakuwa jipu la pafu. Homa inapanda na kushuka, jasho la usiku linalowesha shuka, kohozi linageuka usaha wenye harufu mbaya, damu inatoka, mwili unakonda.

Usaha ukipita hadi kwenye nafasi ya nje ya pafu, kifua chote upande huo kinaweza kujaa, na hapo lazima utolewe kwa mrija. Mashimo yanayobaki bila kufunga huweza pia kuvamiwa na kuvu, hasa ile iitwayo aspajilasi, ambayo huota ndani kama mpira na kumfanya mgonjwa ateme damu tena na tena.

Sasa soma tena orodha hiyo ya dalili: kikohozi cha muda mrefu, homa, jasho la usiku, damu kwenye kohozi, kukonda. Ni orodha ileile iliyobandikwa ukutani katika kila kituo cha afya, chini ya picha ya mtu anayekohoa. Juu yake pameandikwa "kifua kikuu".

Miezi sita ya dawa zisizo zake

Kwa hiyo mgonjwa wa aina hii anaweza kupewa kikopo cha kohozi. Majibu yanarudi hayana bakteria wa kifua kikuu. Kituoni hakuna mashine ya picha, au ipo na haina umeme, na muuguzi anajua kwamba si kila kifua kikuu huonekana kwenye kohozi. Anaamua kuanza dawa. Kanuni za matibabu zinamruhusu kufanya hivyo, na kwa wagonjwa wengine uamuzi huo huokoa maisha.

Lakini mwenye kifuko kilichoambukizwa atameza dawa hizo kwa miezi sita. Baadhi ya dawa za kifua kikuu hupiga pia bakteria wengine, kwa hiyo homa inaweza kupungua kidogo mwanzoni na kila mtu akaamini kwamba njia ni sahihi. Kisha hali inarudi. Mgonjwa huambiwa pengine hakumeza dawa vizuri, au kifua kikuu chake ni kile sugu. Majirani nao wana maelezo yao, na mara nyingi yanahusu sumu. Huko Kivu neno "karuho", sumu ya kutiliwa na adui, husikika haraka sana mtu anapokonda na kukohoa bila jibu.

Picha ya kifua inaweza kukata mzizi wa mkanganyiko huu, kama kuna anayejua cha kutafuta. Kifuko kizima huonekana kama mviringo uliochorwa kwa makini, kingo zake laini, tofauti na mawingu ya kifua kikuu ambayo hupenda sehemu za juu za pafu. Kikishapasuka, utando wake huelea juu ya maji yaliyobaki na kuonekana kama jani la yungiyungi kwenye bwawa. Madaktari wa picha duniani kote hutumia jina hilohilo, dalili ya yungiyungi.

Altrasaundi, ile ekografia inayotumika kwa wajawazito, haioni vizuri ndani ya pafu kwa sababu hewa huizuia, isipokuwa kifuko kiwe kimegusa ukuta wa kifua. Hata hivyo ina kazi. Baadhi ya wenye kifuko kwenye pafu wana kingine kwenye ini, na ini huonekana vizuri sana. Dakika tano za kupitisha kifaa tumboni mwa mtu anayekohoa zinaweza kuleta jibu ambalo kohozi halikuleta. Vipimo vya damu vipo, ila kwa vifuko vya mapafu hukosea mara nyingi zaidi kuliko kwa vya ini.

Kuna kipimo kingine cha bei ndogo kabisa. Maji au utando uliokoholewa, ukihifadhiwa kwenye chombo safi na kufikishwa maabara, unaweza kuonyesha chini ya hadubini ya kawaida ndoano ndogo za vichwa vya tegu. Tatizo ni kwamba wengi huutema na kuufukia, kwa aibu au kwa hofu.

Kosa moja ni baya kuliko yote: kuona kivuli cha maji kwenye picha na kuchukua sindano ili kuyavuta. Kwa kifuko kizima cha hidatidi ndani ya pafu, tundu hilo la sindano ni sawa na kukipasua kwa makusudi, pamoja na mzio na vichwa vya tegu vinavyomwagika. Kwenye ini, wataalamu hutumia sindano kwa utaratibu maalumu, chini ya altrasaundi, wakiingiza dawa ya kuua vichwa kabla ya kuvuta tena. Njia hiyo ilibuniwa Tunisia katika miaka ya 1980 na imewasaidia wengi. Kwenye mapafu haitumiki.

Walivyofanya Turkana

Afrika Mashariki inaufahamu ugonjwa huu kuliko sehemu nyingi za dunia, na somo lake liko kaskazini magharibi mwa Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulikadiria kwamba katika sehemu hiyo ya Turkana walikuwa wakipatikana wagonjwa wapya wapatao 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa popote. Watu walikuja hospitalini matumbo yamejaa kama wajawazito wa miezi tisa, wakiwemo wanaume.

Mbwa wa Turkana alikuwa zaidi ya mlinzi. Aliishi ndani ya kibanda, karibu na watoto na vyombo, katika nchi ambayo maji ya kuoshea ni anasa. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kuwacheka. Lakini familia inayotembea kilomita nyingi kutafuta ndoo moja ya maji haiwezi kuambiwa tu "nawa mikono" kisha ikaachwa.

Shirika la AMREF, lenye makao yake Nairobi na lililoanza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, lilianzisha mpango wa kudhibiti hidatidi huko mwaka 1983. Mbwa wasio na wenyewe walipunguzwa. Wenye wenyewe walipewa dawa ya prazikwanteli, inayomwondoa tegu utumboni. Watu walifundishwa kuhusu mbwa na matumbo ya mifugo. Na jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kabisa: mashine za altrasaundi za kubebeka zilipelekwa hadi kwenye maboma ya wafugaji, watu wakapimwa chini ya miti, na waliopatikana na vifuko wakapelekwa kwa wapasuaji kabla havijapasuka.

Miaka thelathini baadaye, vipimo vya altrasaundi vilivyofanywa katika miaka ya 2010 vilikuta kiwango kimeshuka kuliko cha miaka ya 1980. Ugonjwa haukwisha. Uko pia kwa majirani, miongoni mwa Watoposa wa Sudan Kusini, Wakaramoja wa Uganda na, kwa kiwango kidogo, Wamaasai wa Kenya na Tanzania. WHO inakadiria kwamba duniani kote zaidi ya watu milioni moja wanaishi na magonjwa ya tegu wa kundi hili wakati wowote ule.

Anayetaka mfano wa nchi iliyoumaliza atazame Iceland, kisiwa cha kondoo na baridi kilichokuwa na hidatidi kila kona katika karne ya 19. Serikali ilichapisha kijitabu kwa wananchi, ikaweka sheria za mbwa, ikabana uchinjaji, na baada ya vizazi kadhaa ugonjwa ukatoweka. Haikuwa na altrasaundi wala prazikwanteli. Ilikuwa na serikali inayofika kila kijiji na amani ya kufanya kazi hiyo hadi mwisho.

Vilima vyenye baridi

Turkana ni jangwa, na jua la huko huua mayai ya tegu haraka. Masisi ni kinyume chake. Baadhi ya vilima vyake vinapita mita 2,000, mvua ni nyingi, majani ni ya kijani mwaka mzima, ndiyo maana maziwa na jibini ya huko husifiwa hadi Kinshasa. Yai la tegu hupenda hali hiyohiyo: mahali penye unyevu na ubaridi linaweza kuishi kwa miezi. Dawa za kawaida za kusafishia hazilisumbui. Linaogopa joto na ukavu.

Vita navyo vina mchango wake. Mji wa Rubaya na migodi yake ya koltani ulitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na Goma ikafuata Januari 2025. Kabla na baada ya hapo familia nyingi za Masisi zimehama, zimerudi na kuhama tena. Ng'ombe wameporwa kwa makundi. Mnyama anayeporwa hapelekwi machinjioni kwa daktari wa mifugo akaguliwe ini na mapafu. Huchinjwa porini au kando ya barabara, na matumbo hubaki hapohapo. Mbwa ambao wenyewe wamekimbia hawana mtu wa kuwalisha, basi hula wanachokuta.

Hospitali kuu ya Masisi imekuwa ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, tangu 2007, na huko hutibiwa watu waliopigwa risasi. Kifuko cha hidatidi kinahitaji kitu kingine: mpasuaji mwenye utulivu wa kufungua kifua, kuzungushia kifuko vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali yanayoua vichwa vya tegu, kukitoa bila kumwaga, kisha kushona matundu ya mirija ya hewa moja baada ya jingine. Kikiwa kizima, pafu lililobaki hupona vizuri kwa kushangaza. Kikiwa kimeshaambukizwa, lazima kwanza antibiotiki na kutoa usaha, na mara nyingine sehemu ya pafu hukatwa. Kati ya wagonjwa hao wawili tofauti ni miezi michache tu ya kuchelewa.

Hatua za kinga hazina ugumu wowote wa kisayansi. WHO inashauri mbwa wapewe prazikwanteli angalau mara nne kwa mwaka. Kuna chanjo ya kondoo iitwayo EG95, lakini tuiache, kwa sababu mahali ambapo chanjo ya surua ya watoto hufika kwa pikipiki kati ya vizuizi viwili vya barabara, ya kondoo itasubiri. Kuchimba shimo na kufukia mapafu na maini yenye malengelenge, kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, hakuhitaji mfadhili. Wala kuyachemsha kwa nusu saa kabla ya kumpa mbwa.

Kwa muuguzi wa kituo cha afya, nyongeza ni maswali matatu tu kwa mgonjwa ambaye kohozi lake halina kifua kikuu na dawa hazimsaidii. Nyumbani kuna mbwa? Mnachinja wenyewe? Umewahi kukohoa maji ya chumvi, au kitu kama ngozi?

Kuhusu dawa ya minyoo iliyojaa madukani, albendazoli, tahadhari inahitajika. Kidonge kimoja cha kawaida hakifanyi lolote kwa kifuko. Matibabu ya hidatidi ni ya kila siku kwa miezi, kipimo kikifuata uzito wa mgonjwa, huku ini lake likichunguzwa kwa vipimo vya damu. Na kwa kifuko kikubwa kilicho kizima ndani ya pafu, kuanza dawa hiyo kabla ya upasuaji kunaweza kukidhoofisha kikapasuka, kwa hiyo wapasuaji wengi huitumia baadaye, ili kuzuia vifuko visirudi. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta mwili huichukua kidogo sana. Maziwa yenye malai yanatosha. Huko Masisi hayo hayakuwahi kuwa tatizo, kwa yule ambaye ng'ombe wake bado wapo.